Mawimbi ya Mama Kadzo

Jamani, leo nimecheka mpaka nimekaa chini!

Miaka ya themanini, kazi yangu ya kwanza ilikuwa bustani ya Kijapani kwenye hoteli moja hapa Malindi. Mawe, mchanga mweupe, na mistari niliyoichora kwa reki kutwa nzima ili mchanga ufanane na maji.

Asubuhi yake, tajiri mwenye hoteli anakuja kuikagua, nafika, mistari hakuna! Mama Kadzo, mfagiaji, ameshaufagia mchanga wote kwa fagio la chelewa, kama uwanja wa kijijini kwao Ganda.

"Mwanangu, kuku walikuwa wameuchakurachakura," akaniambia.

Nikajua sina kazi tena. (Nililia, sifichi.)

Tajiri akayatazama yale mapindi ya fagio yaliyozunguka mawe. Kisha akapaza sauti: "Mawimbi! Asiyaguse mtu!"

Basi leo nimepita pale. Mawimbi ni yale yale! Meneja mpya anawaeleza wageni kwamba ufundi huu umetoka Japani kwenyewe.

Nyuma yake, fagio mkononi, binti wa marehemu Mama Kadzo. Akanisogelea, akaninong'oneza:

"Shikamoo. Usimwambie. Mama hakufika hata Mombasa."

Nyinyi mngenyamaza?