Bafta ya Kaburini Kaole

Nimezeeka sasa, na aibu hii nimeificha vya kutosha. Lakini kwa kuwa nyie ni wenzangu, na wengi wenu mnadhani nilichelewa kuoa kwa ubahili, wacha niwaeleze siku niliyovaa nguo ya kaburini.

Enzi hizo za Waingereza nilikuwa karani, nimepanga chumba Temeke, nami nilikuwa nimemposa Mwanaidi, binti wa mtaani kwetu. Wazazi wake walikwisha kukubali; lililobaki ni nikajitambulishe kwa bibi yake Bagamoyo, maana bila neno la bibi yule hakuna harusi. Nikapanda lori la asubuhi pamoja na Sefu, kaka yake Mwanaidi. Tulifika mapema, na mimi (elimu ya sekondari ilikuwa bado inaniwasha kichwani) nikataka kwanza tutazame boma la Wajerumani, waliopafanya hapo makao yao makuu ya mwanzo, kisha magofu ya Kaole, ili nikikaa na wazee niwe na la kusema.

Boma tulilitazama pamoja. Kaole, Sefu akakataa.

"Nenda mwenyewe, shemeji. Mie natangulia kwa Bibi. Na ukifika kule piga hodi kwa wenyewe, usiguse kitu."

"Wenyewe gani? Si wamekufa?"

"Ndio hao hao."

Nikacheka, nikaenda kwa miguu.

Kaole hapakuwa na mtu. Msikiti hauna paa, makaburi yana nguzo za mawe ndefu kuliko mimi, na upepo unapita katikati yake kama mtu anayenong'ona. Hodi sikupiga. Nikaparamia ukuta wa kaburi nione maandishi, buti likateleza, suruali yangu ya kaki ikapasuka nyuma kuanzia kiunoni. Nitamkabilije bibi mkwe hivi? Kwenye nguzo ilitundikwa bafta nyeupe, mpya kabisa (ndivyo watu wa huko wafanyavyo wakiweka nadhiri), nami nikaifungua, nikajifunga kiunoni, nikijiambia naazima tu.

Mara nikasikia sauti za wanawake. Nikakimbilia msikitini, nikajibanza kwenye kibla, wao wakafukiza ubani, moshi ukanifuata humo humo, nikapiga chafya moja iliyorudi kutoka kila ukuta.

"Nani huyo?"

Nikachungulia. Wakaiona bafta, wakaona buti.

"Mumiani! Jamani, mumiani!"

Leo mtacheka, lakini zama zile watu waliamini kabisa kwamba wako wavaa buti wanaovizia watu wawanyonye damu ikafanywe dawa, na mgeni aliyeitwa jina hilo hakupewa nafasi ya kujieleza. Wanaume wakatoka mashambani mbio na mapanga. Nikapiga magoti, nikatoa shahada, sauti ikatoka kama ya mbuzi.

"Muislamu gani anavaa nguo ya wafu?" mmoja akauliza, na panga lake lilikuwa karibu na shingo yangu hata nikasikia harufu ya utomvu wa migomba.

"Mwacheni! Mwacheni, ni shemeji yangu!" Alikuwa Sefu, anahema; alimkosa Bibi nyumbani, akaambiwa amekwenda makaburini.

Mwanamke mzee mwenye chetezo mkononi akasogea.

"Sefu, huyu ndiye mposaji?"

"Ndiye, Bibi."

"Shikamoo, Bibi," nikasema, magoti bado chini.

Akaelekeza chetezo kiunoni kwangu.

"Bafta hiyo nimeitundika mie," akasema. "Nilimwomba Mungu anionyeshe mume wa mjukuu wangu alivyo, kabla sijatoa neno langu." Akanitazama kuanzia buti hadi usoni. "Amenionyesha."

Nikashika fundo nimrudishie nguo yake, wanawake wote wakapiga kelele: "Usivue!" Basi nikarudi nayo Temeke, nimeketi juu ya lori kama maiti aliyefufuka, Sefu amenipa mgongo njia nzima. Mwanaidi aliolewa na mwingine, na mimi nikaitwa Mumiani mpaka nikahama mtaa.

Tangu siku ile nikipita penye kaburi, hata la jirani, napiga hodi. Bafta ninayo sandukuni, sikupata ujasiri wa kuirudisha. Nimewausia wanangu: nikifa, sanda yangu wanunue mpya.