Kwa Herufi Moja Nilimwacha Mpenzi Wangu Abaki Fisi

Kosa ni langu. Nililifanya mwenyewe, kwa mdomo wangu huu ambao sasa hauna meno. Shetani simsingizii, maana siku ile hakuwepo sokoni. Nilikuwepo mimi.

Nilimpenda mtu, halafu nikamwonea aibu mbele ya watu. Nikabadilisha herufi moja ya jina lake. Herufi moja! Akabaki fisi mpaka Uganda ikapata Uhuru, Kenya nayo ikapata, na yeye bado yuko porini anatafuna mifupa.

Unacheka? Cheka, mwanangu. Hata mimi siku hizi nacheka. Lakini wakati ule nililia mpaka samaki wangu hawakuhitaji chumvi.

Nilisoma darasa la pili tu, kwa hiyo utavumilia mwandiko. Ila kichwa changu hakijawahi kupoteza jina la mtu. Wajukuu wakitaka kujua nani alimwoa nani kutoka Majanji mpaka Tororo, wanaambiana, "Mwulizeni Kukhu," yaani bibi. Langu tu ndilo nalificha, na la baba yangu, maana ukimjua yeye umenijua mimi. Mengine yote nayataja.

Aliitwa Okoth, kijana wa Kijopadhola kutoka Iyolwa. Mimi nilikuwa msichana wa Kisamia wa kando ya ziwa, pale Majanji. Mama alikausha samaki, wale ngege, mimi nikawabeba kwa kikapu kichwani mpaka soko la Busia. Okoth alikuwa akipakia pamba kwenye malori. Mrefu, mabega haya hapa, shingo kama nguzo ya nyumba!

Siku ya kwanza alinunua samaki wangu, akala nyama, akala kichwa, akamalizia na mfupa wa mgongo. Krr, krr, krr!

"We kaka, huachi kitu?" nikamwuliza.

"Samaki ni wa mkono wako, dada. Nitaachaje hata mfupa?"

Halafu akacheka. Yesu wangu, kile kicheko! Kilianzia chini, kikapanda, kikapasukia juu, na mbwa wote wa soko wakajificha chini ya meza ya muuza nyama. Rafiki yangu Nekesa, aliyeuza ndizi pembeni yangu, akaninong'oneza, "Huyo anacheka kama fisi."

Nikamjibu, "Basi acha fisi anile."

Maneno ya mchezo! Sikujua nasema nini.

Tulipozoeana akawa ananisindikiza njiani kurudi. Jioni moja tukafika kwenye kichuguu kikubwa kilichokuwa kando ya njia, akaniketisha, akasema ana neno.

Mnajua desturi yetu, kwa Wasamia na kwa Wajopadhola ni ileile. Mtoto akizaliwa halafu akalia bila kunyamaza, wanamtajia majina ya wazee waliokufa, mmoja mmoja. Akilisikia lake, ananyamaza. Okoth ni jina la kuzaliwa mvua ikinyesha, hilo kila mtu alimwita. Lakini alikuwa na jingine, la kunyamazia.

"Walinitajia Owor, nikalia," akasema. "Wakanitajia Ochwo, nikalia. Mababu wote wakaisha. Shangazi akachoka akasema, labda ni Athieno. Nikanyamaza kimya."

"Athieno! Si ni jina la mwanamke?"

"Ni bibi, mzaa mama yangu. Na usicheke, sijamaliza. Huyo bibi, jioni nyingine alikuwa anatembea kwa miguu minne."

Nikacheka. Nikamtazama. Hakuwa akicheka. Nikaacha.

Akanieleza yote. Kwamba mwili wake nao hugeuka, unakuwa wa fisi. Kwamba hali mbuzi wa mtu, anatafuta mifupa tu na kukimbia na upepo. Kwamba kurudi hawezi peke yake, mpaka mtu anayempenda amwite kwa lile jina la kunyamazia. Mama yake ndiye alikuwa akimwita, na mama yake alikuwa amefariki.

"Nimebaki na wewe," akasema.

Msichana mwenye akili angekimbia! Mimi nikamwuliza, "Na nguo unaweka wapi?"

"Kaptula naiacha nyuma ya kichuguu."

"Kwa mchwa wote hawa? Lete nikushikie."

Ndivyo tulivyoishi. Jioni anaondoka fisi, nakaa na kaptula yake mapajani nachambua mchicha. Jua likianza kuzama naita, "Athieno!" Nyasi zinatikisika, anatoka mtu anahema, anacheka, ananidai samaki. Furaha ile sijaiona tena kwa vijana wa leo, na simu zao.

Sasa sikia nilivyoharibu.

Siku moja mvua kubwa ilinifungia nyumbani, sikufika kichuguuni. Akalala fisi. Asubuhi mbwa wakamwona, wakamfukuza, na yeye akakimbilia pale alipojua nipo. Sokoni Busia! Mchana kweupe, siku ya soko, watu wamejaa kutoka pande zote mbili za mpaka. Akapita katikati ya makelele, akaja akalala mbele ya kikapu changu, ulimi nje.

Watu wakaanza kuokota mawe. Na nani alikuwa amesimama pale? Baba yangu, mzee wa kanisa, pamoja na akina mama wa kwaya yetu, Mama Perisi na Mama Dorika, wenye macho ya kuona mpaka ndani ya tumbo lako.

Nilijua la kufanya. Neno moja tu! Lakini nikawaza: nikimwita fisi, watasema mimi mchawi. Na akisimama mwanaume, kumbe anaitwa Athieno, watanicheka mpaka kaburini. Nikajiambia, wacha nilirekebishe kidogo. Othieno ni mwanaume aliyezaliwa usiku, Athieno ni mwanamke aliyezaliwa usiku. Usiku si ni uleule? Mungu ataelewa.

Nikasema, tena kwa sauti ndogo, "Othieno."

Muuza viatu akageuka. "Naam?" Na mwenye tumbaku naye, "Naam?" Wote wawili walikuwa Othieno.

Fisi hakugeuka kitu. Alinitazama tu. Masikio yakalala. Yale macho, jamani! Nimezaa, nimezika wazazi, lakini macho yale!

Jiwe la kwanza likampiga kwenye nyonga. Akapiga yowe, akatoka anachechemea kuelekea upande wa Kenya. Na mimi bado nilikuwa na nafasi! Angesikia! Mdomo wangu ukakataa kusema "A".

Tokea siku hiyo nilikwenda kichuguuni kila jioni. Niliita jina lenyewe, A kubwa, mpaka sauti ikakauka. Hakuna nyasi iliyotikisika. Kwao Iyolwa walidhani amekwenda Kenya kutafuta kazi. Kwa namna fulani walisema kweli.

Ile kaptula sikuitupa. Niliikunja, nikaifanya ngata, nikawa nabebea kikapu cha samaki. Kila siku nilimbeba kichwani, na watu wakadhani ni tambara.

Watu wakaanza kusimulia habari za fisi mmoja anayevuka mto Sio pale mpakani akienda na kurudi, haulizwi na askari yeyote. Hali mbuzi. Anafuata njia ya wauza samaki. Nekesa akasema, "Huyo fisi wako bado ana njaa." Alikuwa anatania. Nilikwenda nikalia nyuma ya choo cha soko.

Uhuru ukaja, tukacheza. Uhuru wa upande wa pili ukaja, tukavuka tukacheza tena. Mimi nilikuwa nakaribia kuitwa mwali mzee. Ndipo akatokea Wandera, fundi wa baiskeli pale Busia, kijana mpole, mikono yake mafuta mafuta. Baba akamkubali. Sikuwa na neno baya juu yake, nikasema sawa.

Halafu nikaenda kusalimia kwao, na jirani akamwita mama yake Wandera kutoka uani. Alikuwa mwanamke wa Kijopadhola aliyeolewa Usamiani.

"Athieno! We Athieno! Kuku wako wako kwenye mtama wangu!"

Maama! Wewe unajua kwetu mama mkwe hatajwi jina. Hata nyumba ikiungua, utalia "mama, mama!" mpaka ateketee. Maana yake nini? Nikiolewa pale, lile jina limefungwa kinywani mwangu mpaka kufa. Na yule wa porini naye amefungwa fisi mpaka kufa. Nililijua hilo, na bado nikanyamaza. Kosa juu ya kosa!

Siku ya ng'ombe ikafika. Wandera na watu wake wakaja nyumbani kwetu na mahari, wanaimba. Mlangoni baba alikuwa amebandika bendera ya karatasi tangu Uhuru. Mimi nimepakwa mafuta, nimefungwa gauni la gomesi, siruhusiwi kushika hata jungu. Mama alikuwa amefagia kila kitu changu cha zamani. Ile ngata akaitupa jalalani nyuma ya jiko. "Bibi arusi habebi samaki," akasema.

Tukiwa tunasubiri chakula, watoto wakapiga kelele, "Fisi! Fisi!"

Alikuwa amesimama kwenye migomba, amekonda, mguu mmoja wa nyuma ameukunja. Na mdomoni, jamani, ameshika kaptula!

Wanaume wakaruka. Wandera akachukua mkuki wa baba, akasogea, akainua mkono. Fisi hakukimbia. Alinitazama kwa macho yaleyale ya sokoni.

Sikumwona tena baba, wala Mama Perisi. Nikafungua mdomo, nikaita kama mtu anayeita mtu ng'ambo ya ziwa:

"ATHIENO!"

Mama yake Wandera aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akainuka taratibu.

"Ati umeniita nani?"

"Athieno!" nikapiga tena, nalia. "Athieno! Athieno wangu, rudi!"

Migomba ikatikisika. Fisi akaanguka, na aliyeinuka alikuwa Okoth, ndevu mpaka kifuani, kaptula bado iko kwenye meno! Akaitoa, akajifunika nayo mbele, akamtazama baba yangu.

"Shikamoo, mzee."

Baba akapiga magoti akaanza kusali. Waliokimbia walikuwa ng'ombe. Walikata kamba, wakashika njia wakarudi kwao wenyewe, mahari yote!

Mama yake Wandera akamtazama Okoth kutoka juu mpaka chini. Akavua leso yake ya begani, akamrushia.

"Jifunge, mtoto. Kumbe hakunitukana. Alikuwa anamwita wajina wangu." Akamgeukia mwanawe. "Wandera, shusha mkuki. Huyo tayari ana mtu. Nenda ukafuate ng'ombe."

Mpaka leo nasema yule ndiye mama mkwe bora niliyewahi kumkosa. Wandera baadaye alimwoa Nekesa, na watoto wao nawajua wote: Barasa, Taaka, Ojiambo na yule mdogo Auma.

Okoth alinusa kaptula. "Inanuka ngege."

"Niliifanya ngata."

"Ndiyo maana nilikuwa nakufuata." Akaona bendera mlangoni. "Na hiyo karatasi ya rangi ni ya nini?"

"Bendera yetu. Tunajitawala."

"Tangu lini?"

"Wewe ulikuwa fisi."

Akacheka. Kile kicheko! Mbwa wetu wawili walionekana baada ya siku mbili.

Jioni nilimwuliza kwa nini hakurudi nilipomwita kichuguuni. Hapo hakucheka. "Nilikuwa nasikia. Nilikuwa nakaa karibu kabisa. Lakini mwili ulikataa. Ulinikana mbele ya watu, ikabidi uniite mbele ya watu. Vichakani hata vyura wanaitana."

Nikamwekea samaki mzima sahanini.

Nimelipa? Nimelipa. Nilitolewa kwenye kwaya, na baba alikaa muda mrefu hali chakula kwangu. Miaka yetu ya ujana, ile mizuri, aliimalizia porini na mimi nikaimalizia sokoni. Na nyonga yake haikupona. Kila kukiwa na baridi nachemsha maji, namkanda pale jiwe lilipompiga, naye anasema, "Polepole, hiyo ni herufi yako."

Sasa ni mzee, mwili haugeuki tena vizuri. Labda nywele za mgongoni zinasimama akisikia harufu ya supu. Basi.

Nyinyi vijana mnaoficha watu wenu, nisikilizeni! Mnampenda mtu chumbani, mkifika kwa watu mnasema "huyu ni rafiki tu", mnamsahihisha jina, kabila, kazi yake, ili msichekwe. Mjukuu wangu Anyango wiki jana alimtambulisha mchumba wake hapa kama "mtu wa kurekebisha redio." Nilimrudisha mlangoni, nikamwambia aanze upya, na jina kamili. Mwite mtu wako kama anavyoitwa, kwa sauti, watu wakiwa wamejaa. Watakaocheka watachoka. Mimi walinicheka mwaka mzima, wakachoka.

Naweka kalamu chini. Ngege wameiva, jua linazama, na yule mzee yuko kule kwa jirani anatisha mbwa wa watu. Nasimama mlangoni nimwite aje ale. Pana wageni wengi leo. Vizuri.

Athienooo!