Tulivyochagua Kocha kwa Adabu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka najikuna kichwa. Siielewi vizuri, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa katikati yake. Ilikuwa siku ya mkutano wa mwaka wa klabu yetu ya mpira, hapa hapa Stockholm, katika chumba cha mikutano chini ya ghorofa moja kule Skärholmen. Jina la klabu naliacha. Wenyewe wakisoma watajijua, na najua watanuna kidogo. Niliingia mkutanoni nikiwa shabiki, nikatoka nikiwa kocha. Sikuomba, sikutaka, na katika watu wote waliojazana mle ndani hapakuwa na hata mmoja aliyenitaka.

Cheka tu, wala sikukatazi. Ila nisikilize hadi mwisho, maana karibu nimpoteze rafiki kwa jambo hili.

Klabu yenyewe ilikuwa ndogo, ya zile ligi za chini ambako watazamaji ni wake wa wachezaji na mbwa wa mtu mmoja. Tulikuwa Watanzania, Wakenya, Waganda, Wakongo, Warundi, na Kiswahili ndicho kilichotuweka pamoja, ingawa kila mtu alikuja na chake. Na kwa utaratibu wa nchi hii, klabu ni ya wanachama. Ukishalipa ada yako una sauti sawa na mwenyekiti. Kwa hiyo sisi mashabiki, tuliokuwa tukisimama pembeni ya uwanja na chupa zetu za chai, ndio tuliokuwa na neno la mwisho nani awe kocha. Sasa hebu fikiria, mwanangu, mashabiki wa mpira kupewa neno la mwisho!

Mimi wakati ule nilikuwa kijana, nywele zangu zote ziko kichwani, nafanya kazi ya ufundi wa kompyuta katika ofisi moja ya Kista. Mpira nilikuwa naujua kwa mdomo. Jumapili hakuna refa aliyenipendeza wala kocha aliyenisikiliza, na nilikuwa na maoni juu ya kila pasi. Aliyekuwa anaujua kwa kweli ni Shabani. Shabani ni Mtanzania mwenzangu, muuguzi wa hospitali ya Flemingsberg, na ndiye aliyenipokea nilipofika nchi hii sina mbele wala nyuma. Nililala kwenye sofa lake hadi mkewe, Mama Zuhura, akazoea kunihesabu kwenye sahani. Kwa miaka Shabani alikuwa msaidizi wa kocha. Jioni akitoka kazini alikwenda kwenye kozi za ukocha, akirudi anachora wachezaji kwenye migongo ya bahasha.

Basi kocha wetu wa zamani alipopata kazi kaskazini akahama, mimi sikuwa na shaka hata chembe. Nilikwenda mkutanoni nimejiandaa kumtaja Shabani. Utaniuliza, mbona hukumtaja mara moja? Kwetu, mwanangu, mtu haanzi kwa kutaja jina la rafiki yake, itaonekana wamepanga. Nikaona ningoje wengine wapige domo kwanza, nami nije nimtaje mwishoni, kama wazo lililonijia tu.

Mwenyekiti alikuwa Mama Njeri, Mkenya, mwanamke wa utaratibu hasa. Alikuwa amefanya kazi za chama cha wafanyakazi miaka mingi, akajifunza mikutano ya Kiswidi mpaka ikamwingia kwenye damu. Nyundo ya kugongea meza hatukuwa nayo, kwa hiyo alikuja na mchi wake wa kutwangia saumu. Alisema tuanze, akagonga, na chumba kizima kikanuka saumu.

Majina yakaanza kutoka. Mmoja alitaka Mswidi aliyekuwa akifundisha timu ya jirani, eti Mswidi atatupatia saa nzuri za uwanja kutoka kwa watu wa manispaa. Wengine wakamchana: Mswidi gani yule, timu yake inacheza kama inaogopa nyasi. Mwingine akamtaja mzee mmoja aliyewahi kucheza ligi kuu nyumbani. Naye akachanwa: magoti hana, na hadithi zake haziishi. Likatajwa jina la tatu, la kijana wa Kirundi aliyekuwa kazini siku hiyo. Loo, huyo walimnyonyoa mpaka nikamwonea huruma. Kelele zilipanda, watu wakasimama, kahawa ikamwagika, na mimi mwenyewe nilikuwa mstari wa mbele.

Jambo ambalo sikuliona wakati ule, na sasa naliona waziwazi, ni hili: wote tuliowachana hawakuwepo.

Ikafika mahali majina yakaisha, pakawa kimya. Nikamtazama Shabani. Alikuwa ameinamisha uso, anachezea kikombe. Nikasema moyoni, sasa ndiyo saa yake, nikakohoa ili nisimame. Kabla sijainuka, Ilunga akanyanyuka. Ilunga alikuwa Mkongo, fundi wa rangi, mtu mwenye roho nzuri asiyeweza kuvumilia watu wakinyamaza.

"Bandugu," akasema, "miye natoa jina ya huyu ndugu Mussa. Iko anajua mupira kabisa. Voilà."

Mussa ni mimi.

Nilidhani watu watacheka. Hawakucheka. Nilikuwepo, mwanangu, nimekaa mbele yao, na mtu aliyepo hachanwi. Akasimama mmoja akasema Mussa ana sauti ya uongozi. Mwingine akasema Mussa anaipenda timu kwa dhati. Mganda mmoja, ambaye wiki iliyotangulia aliniambia nifunge mdomo uwanjani, alisema nina jicho la kocha. Nikamgeukia Shabani nikiomba kwa macho aseme neno, anitoe mle. Shabani akainuka, akatabasamu.

"Kwa kweli kaka Mussa anafaa sana," akasema. "Mimi sina kipingamizi."

Hapo ndipo kichwa kilipovurugika kabisa. Nikajisemea, kumbe kazi hii haitaki! Miaka yote ile ya bahasha, kumbe mtu haitaki. Na mimi nikimkatalia mbele ya watu baada ya kunisifu hivyo, si nitakuwa nimemvunjia heshima? Nikasema yale tunayosema sote: "Kama wenzangu mmeona nafaa, mimi ni nani?" Nilikubali shingo upande, nikitumaini kuna atakayepinga.

"Kuna mwenye anapinga?" akauliza Mama Njeri. Akazungusha macho. "Hakuna? Basi imepita." Akagonga mchi.

Sijawahi kuona watu wakishangilia kwa nyuso za wasiwasi vile. Ngazini nilipokuwa natoka, nilimsikia mtu akimuuliza mwenzake kwa sauti ya chini, "Sasa hii imekuwaje?" Nilitamani kumjibu, lakini nami sikujua.

Nikawa kocha. Mechi ya kwanza tulifungwa, ya pili tukafungwa tena, na kila nilipopiga kelele wachezaji walikuja kuniuliza nilikuwa nataka nini, nami sijui niwajibu nini. Kupiga kelele ukiwa shabiki ni raha, hakuna anayekuja kukuuliza. Nilimgeukia Shabani kando yangu, lakini Shabani hakuwepo. Alituma ujumbe kuwa zamu zimembana. Jumapili iliyofuata zamu zikambana tena. Halafu nikasikia pembeni kwamba klabu moja ya Västerås, mji wa mbali na hapa, imemwita, na anafikiria kuhama na familia.

Roho iliniuma, na nikakasirika pia, sikufichi. Nikasema, rafiki gani huyu? Ananisifu mbele za watu nichukue mzigo, halafu ananiacha nao peke yangu!

Nilikutana na Mama Zuhura kwenye maduka ya Skärholmen, amebeba mfuko wa viazi. Nikamsalimu kwa bashasha, nikamuuliza Shabani yuko wapi siku hizi. Aliweka mfuko chini. Mwanamke wa kwetu akiweka mfuko chini katikati ya watu, ujue utakula maneno makali.

"Shemeji, wewe umekula chumvi yangu miezi mingapi?" akasema. "Unamchukulia mwenzako kazi yake, halafu unaniuliza yuko wapi?"

"Shemeji, mimi? Mbona yeye mwenyewe alisimama akanisifu!"

"Ulitaka aseme nini? Aseme msimchague Mussa, nichagueni mimi? Shabani wangu?" Akanitazama juu mpaka chini. "Na wewe, kazi uliitaka?"

"Hata kidogo."

"Sasa ukakubali kwa nini?"

"Nilidhani yeye haitaki."

Mama Zuhura aliokota mfuko wake. "Ninyi wawili ni watu wazima kweli?" akasema. "Nendeni mkazungumze. Mimi Västerås siendi."

Nilikwenda kwao jioni ile ile. Mlango ulifunguliwa na Zuhura, binti yao. Nikauliza kama baba yupo. Akanijibu kwa Kiswidi kwamba baba yupo, ila amesema aseme hayupo. Kutoka sebuleni nikasikia mtu akikohoa.

Tulikaa. Tukaulizana habari za kazi, za baridi, za nyumbani. Ugali ukaja, tukala, tukausifu. Ningeweza kuondoka vilevile, mwanangu, na urafiki ule ungekufa pale mezani huku tukikaribishana mboga. Nikajilazimisha, nikamwambia, "Shabani, ile kazi sikuitaka. Nilikuja mkutanoni kukutaja wewe."

Macho ya Shabani yalibadilika, akatazama dirishani. "Niliingoja jioni nzima," akasema. "Nilikuwa nangoja wewe unitaje. Ulipokubali haraka vile, nikajua ndiyo ulikuwa mpango wako tangu mwanzo."

Tukatazamana kama watu waliopanda treni moja wakashuka vituo tofauti. Kisha akaniuliza, "Na sasa? Sasa unaitaka?"

Mwanangu, Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimemsogeza beki wa kushoto mbele, mwenyewe, bila kumuuliza mtu, na kutoka kwake likapatikana bao. Watu waliruka. Wachezaji walinikimbilia. Utamu ule sikuutarajia, na wiki nzima nilikuwa nao kifuani. Njia rahisi ilikuwa kusema hapana, chukua, ndugu yangu. Ingependeza masikioni, lakini ingekuwa uongo uleule wa kwanza.

"Naitaka kidogo," nikasema. "Sijui imeniingiaje. Lakini wewe unaifaa kuliko mimi, na najua uliitaka kabla yangu."

Shabani alicheka, kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Basi twende kwa Mama Njeri," akasema. "Tuwaambie wote wawili tunaitaka."

Mama Njeri aliitisha mkutano mwingine huku akilalamika kwamba utaratibu hauruhusu upuuzi. Ilunga aliulizwa kwa nini alinitaja mimi. Akasema ndugu Shabani alikuwa ameinama, yeye akadhani amekasirika, halafu macho yake yakakutana na yangu. Na alifikiri hakika mtu atapinga. Wote, mmoja baada ya mwingine, wakasema walifikiri hivyo hivyo. Tulikaa tukitazamana kama wageni msibani.

Kisha Shabani akasimama. Mtu huyu anaweza kukaa kando ya mgonjwa anayekata roho bila mkono kutetemeka, lakini siku ile alishika kiti.

"Naitaka kazi hii," akasema. "Niliitaka tangu mwanzo. Naona naiweza kuliko Mussa."

Nami nikasimama nikasema naitaka pia. Ilikuwa ajabu masikioni mwetu, watu wawili wa kwetu kusema hivyo hadharani, na hakuna aliyekufa. Mikono ikainuliwa. Kwa Shabani iliinuka kila upande. Kwangu ulikuwa wangu, na wa Ilunga, ambaye baadaye aliniambia alinionea huruma. Nilipiga makofi pamoja na wote, na iliniuma. Nakwambia iliniuma kweli.

Mlangoni Shabani alinishika bega. Nilidhani atanipa pole. "Jumapili uje mapema," akasema, "na ukitaka kupiga kelele, nipigie mimi sikioni, usiwapigie wachezaji." Nikasimama naye pembeni ya ule uwanja misimu mingi, tukibishana kila wiki, na Mama Zuhura hakwenda Västerås.

Basi nakuachia hili, mwanangu. Adabu ni nzuri, na usiiache kwa sababu umezaliwa huku wanakosema kila kitu. Lakini usiifanye pazia la kuficha unachokitaka, kisha ukawanunia wenzako kwa kutokuona nyuma yake. Ukiitaka kazi, sema naitaka. Usipoitaka, sema siitaki, hata kama wanakusifu. Na mwenzako akikusifu, usifikiri umeshajua moyo wake. Muulize, halafu umngoje ajibu. Huenda ukasema naitaka na ukaikosa, kama nilivyoikosa mimi. Maumivu yake yaliniisha kabla theluji haijarudi. Huko nyuma, nilipokuwa kocha wa watu waliokaa kimya, nilikuwa naumia kila Jumapili.

Mungu akupe moyo unaojua unachokitaka na ulimi utakaokisema. Akupe na marafiki wa kukupinga ukiwa umekaa mbele yao, na hata mikono yao ikikukataa, miguu yao isikuache. Amina.