Mfarishi wa Fundi Kesho

"Kaka yako ana dada watatu," wifi aliniambia, "na hakuna hata mmoja aliyewahi kumnunulia soksi. Leo unakuja humu kunisimamia kichwani kama mnyapara."

Alikuwa amepiga magoti sakafuni, miwani imemshuka puani, mkasi mdogo mkononi, anafumua. Anafumua mshono alioumaliza asubuhi ileile. Mbele yake umetandazwa mfarishi wenyewe, yaani blanketi la vipande vya nguo, pamba katikati na bitana chini, wa kutosha kitanda cha watu wawili. Miaka yote tulikuwa tunausikia tu. Na chumba cha pili, mlango ukiwa wazi, kaka yangu alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi mpaka kitanda kinalia. Ilikuwa wiki yake ya mwisho na wote mle ndani tulijua.

"Wifi, mfunike mtu," nikasema. "Umeshamaliza, sasa unafumua nini?"

"Sindano moja haipo."

"Sindano moja."

"Ile ndefu. Imebaki humu kwenye pamba. Simfuniki mgonjwa na sindano."

"Kwani huyu amebakiwa na siku ngapi za kuchomwa?"

"Hata ikiwa moja," akasema, akakata uzi mwingine.

Mtaa mzima unamwita Fundi Kesho, na jina hilo hakuonewa. Ukimpelekea gauni, njoo kesho. Ukija hiyo kesho, unamkuta kwenye cherehani anakutazama juu ya miwani kana kwamba wewe ndiye uliyechelewa. Kuna bibi harusi alivalishwa gauni ambalo pindo lake lilikuwa bado limepigwa bandi tu, ule mshono wa kushikizia, akaambiwa asicheze sana. Wateja wanamtukana na wanarudi, maana akishashona, nguo inakaa mwilini kama umezaliwa nayo.

Uzembe wake wote unaishia kwenye sindano. Zamani, akiwa bado anajifunza kazi, alimkabidhi mteja sare ya mtoto wa shule yenye sindano ndani ya mkanda wa kiunoni. Mtoto akaivaa, akaenda kukaa darasani. Yaliyofuata hayasimulii mpaka leo. Ninachojua ni kwamba nguo haitoki mlangoni kwake kabla sindano zote za mkono hazijarudi kwenye kimto chake cheusi. Mteja atasimama pale na hasira zake, na gari linamsubiri nje, yeye anahesabu.

Mfarishi ulianza na koti. Kaka alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la mbao, na alikuwa na koti zito la kijivu, la mtumba, alilolipenda kuliko ndugu zake. Siku moja bitana ikachanika, akampa mkewe alitengeneze. Wifi akaligeuza nje ndani, akalinusa, akasema, "Hili limeshakufa," na kabla mwenzake hajamaliza chai, mkasi ulishapita mgongoni. Kichwani mwake alikuwa ameshauona mfarishi: vipande vya koti katikati, mabaki ya vitambaa vya wateja kuzunguka.

"Baridi ikianza utalala kama waziri," akamwambia. "Na la kwenda nalo kazini nitakushonea jipya."

Baridi ikaanza. Zikaja sare za shule, ikaja harusi, zikaja tena sare. Mfarishi ukaingia kwenye kiroba, kiroba kikaingia chini ya meza ya kukatia. Wateja walikikalia wakisubiri kesho yao. Paka alizalia humo. Kaka akawa anakwenda lindoni na sweta mbili, moja juu ya nyingine, na taulo shingoni.

"Fundi, nadai koti langu," alikuwa akisema kila anapotoka.

"Kesho."

"Riba inapanda."

"Ipande, utaikuta juu."

Hawakujaliwa mtoto, wakawa wanalea utani huo. Ulikua nao mpaka wote wawili wakaota mvi.

Kisha kikaja kikohozi, kikakataa kuondoka. Hospitali walisema kuna uvimbe kwenye pafu, umeshasambaa, mrudisheni nyumbani. Wifi alimuuliza daktari jambo moja tu: je, ni baridi? Daktari akasema hapana, baridi haihusiki. Akauliza tena kwa maneno mengine, kama kuna mtu aliyekosa nguo nzito miaka mingi. Daktari akasema hapana, mama. Tulipofika nje akaniambia, "Hawa watakuambia lolote ili utoke ofisini."

Siku hiyo alikivuta kile kiroba. Akafunga mlango wa duka. Wateja waliogonga aliwaambia dirishani wasije kesho, waje mwezi ujao, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kuwaambia ukweli. Kumbe cherehani nayo ikagoma: lile koti pamoja na pamba lilivunja sindano ya mashine mara moja tu, tak. Ikabidi ashone kwa mkono, sindano ipenye tabaka zote tatu na kurudi, na yeye viungo vya vidole vimevimba kama tangawizi. Alishonea kando ya kitanda; sebuleni aliuhamishia siku ya kufumua tu, apate pa kuutandaza. Kila kaka alipotaka kugeuzwa aliinuka, akamgeuza, akarudi kushona.

"Fundi, utawahi?"

"Nitawahi."

Utani wa kesho ulikwisha siku ile. Hakuna aliyethubutu.

Ndiyo maana niliposimama pale na kumwona anafumua, damu ilinichemka. Alikuwa ameshapitisha sumaku, ameing'oa kwenye spika ya redio mbovu, akaipitisha kipande kwa kipande, haikunasa kitu. Mimi nami nikapiga magoti, nikawa nabonyeza pamba kwa viganja, nangoja kuchomwa. Kona nzima ilikuwa wazi, pamba imetoka kama matumbo. Mchana ukapita hivyo. Nilikwenda kumshika kaka miguu. Ilikuwa ya baridi, na nilipoifinya hakugeuza hata macho.

"Fundi," akaita.

"Bado kidogo."

"Fundi, njoo."

Wifi akaenda, akainama kumwekea sawa mto. Dirisha lilikuwa nyuma yangu, mwanga ukamwangukia.

"Hiyo begani ni nini?" kaka akauliza.

Sindano ilikuwa pale, imechomekwa kwenye gauni lake nyuma ya bega, na uzi wake unaning'inia. Kila anapoinuka kumgeuza huichomeka kwenye nguo yake. Mafundi wote hufanya hivyo, ila huchomeka kifuani, wanapopaona. Siku hiyo mikono ilikuwa imechoka ikachomeka popote.

Wifi aliichomoa, akaenda nayo mpaka kwenye kimto, akaisimamisha mahali pake. Akapiga magoti tena kando ya mfarishi.

"Kona imefumuka," akasema. "Niishone kwanza."

"Wifi."

Akaitazama kona, akamtazama mumewe. Kisha akashika upande wake, nami nikashika wangu, tukaubeba mpaka kitandani, tukamfunika na mfarishi ukiwa na pamba nje miguuni. Tangu nimfahamu sijawahi kuona amekabidhi kazi hivyo.

Kaka akawa anapapasa. Mkono ulitembea juu ya vipande, ukapita sare, ukapita gauni la mtu, ukafika kwenye kijivu ukasimama. Wifi alikuwa ameuacha mfuko wa koti, hakuushonea mdomo. Kaka akaingiza mkono humo, mpaka kwenye kifundo.

"Miguu inapata joto?" wifi akamuuliza.

Angeweza kumdanganya. Mimi ningemdanganya.

"Miguu haisikii tena," akasema.

Wifi akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, kama mteja aliyeambiwa nguo imeungua.

"Nimechelewa," akasema.

"Umechelewa." Akavuta pumzi, ikakwama, akangoja ipite. Mkono ulikuwa bado mfukoni. "Koti nimelipokea, Fundi. Riba nimekusamehe."