Hadithi Iliyotangulia Majembe

Harufu ya magugu yaliyokatwa baada ya mvua bado hunisimamisha njiani. Nikiipata, hata nikiwa mjini Bungoma katikati ya shughuli zangu, shamba letu la Saboti hunirudia polepole: ukungu ukishuka kutoka mlimani, mahindi yamefika magotini, na wanawake saba wameinama, kila mmoja kwenye laini yake.

Ilikuwa miaka ya themanini, nami nilikuwa na umri wa miaka tisa. Mama aliongoza kikundi cha kupalilia. Leo walikuwa kwa huyu, kesho kwa yule, na aliyeshindwa kumaliza laini yake, wenzake walirudi kummalizia. Aliyerudiwa kila siku alikuwa Tabitha, jirani yetu mwenye watoto wanne. Hakuwa mvivu. Shida yake ni kwamba hakuweza kunyamaza, wala hakuweza kusimulia bila mikono. Jembe lilianguka chini, mikono ikapaa, nasi tukamwona mhubiri wa sokoni, au bibi harusi aliyesinzia kanisani. Niliamini hata mahindi yaliinamisha majani kumsikiliza.

Asubuhi moja, shambani kwetu, Mama Wekesa alichoka.

"Huyu analima na mdomo, bana! Kesho ni kwake. Mimi siendi."

Wengine wakaguna kukubali. Tabitha akaliokota jembe lake. Mahindi yake yalikuwa yameanza kugeuka manjano ndani ya magugu. Bila kikundi, wanawe wangekula nini mwaka huo?

Mama alibandua tope kwenye jembe kwa kidole gumba, bila haraka.

"Tabitha, weka jembe. Beba maji, utangulie hatua kumi, ututazame, halafu usimulie. Lakini usipaze sauti."

"Ati nisipaze? Si hamtasikia?"

"Anayetaka kusikia atakuja."

"Na laini yake je?" Mama Wekesa akauliza.

"Tutagawana. Si ni sisi tunaimalizaga kila siku?"

Tabitha akaanza kurudi kinyumenyume, akisimulia kwa sauti ya chini habari za shemeji aliyekwenda ugenini na kiti chake mwenyewe. Majembe yakaongeza mwendo. Akarudi nyuma tena, nayo yakamfuata, chwa, chwa, chwa, kama mvua inayotembea. Mama Wekesa alikuwa mbele ya wote, jasho likimtiririka puani.

"Ngoja kwanza! Alikikalia hicho kiti ama hakukikalia?"

Walifika kwenye ua wa mikaratusi, mwisho wa shamba, kabla uji haujaiva. Kesho yake, wa kwanza kufika kwa Tabitha alikuwa Mama Wekesa.

Kwa miaka mingi nilidhani siku ile niliona huruma ya mama. Ni ukubwani, nilipopewa watu wa kuwaongoza, ndipo nilipokumbuka wiki moja kabla ya siku ile, Tabitha alipokwenda matangani Kibabii. Wanawake walinuniana, wakalalamikia migongo, wakarudi nyumbani mapema magugu yakiwa bado yamesimama. Jioni ya tatu mama alinituma kwa Tabitha na sinia la viazi vitamu, niwaulize watoto mama yao angerudi lini. Nilikwenda nikifikiri viazi ndivyo ujumbe, na swali ni salamu tu.

Niliporudi na kumwambia, "Kesho," alishusha pumzi, akakaa pale mlangoni. Hakuwa amemhurumia Tabitha. Alikuwa akimhitaji.