Mtoto wa Mume Wangu Ameniita Mama Nikiwa Mzimu

Admin, nisitiri jina, maana Wakongo wa Johannesburg tunajuana. Nina miaka ishirini na tatu, mzaliwa wa Uvira, shule niliishia darasa la sita, mnisamehe nikikosea kuandika. Kazi yangu kusuka. Naishi Doornfontein na mume wangu, mtoto wetu wa miezi minane, na binti wa mume wangu, nimwite Furaha, ana miaka saba. Mama yake alifariki hapa hapa Johannesburg, Furaha akiwa na miaka minne. Mimi nilikuja mwaka uliofuata.

Furaha ananiita Anti. Namwogesha, namsuka, namfungia chakula cha shule, na yeye ananishukuru kwa Kiingereza kama mgeni. Kiswahili anakisikia lakini alikuwa hakisemi. Simlaumu. Nilijiambia iko siku.

Sasa nina mteja wangu, dada wa Kizulu, anaongoza michezo ya kuigiza kwenye ukumbi karibu na chuo. Aliniita nisuke waigizaji wake. Mchezo ni wa mfalme wa siku hizi, ana magari meusi na simu tatu, lakini wote wanaongea kwa mashairi ya Kiingereza cha kale, kile cha vitabu vya sekondari. Malkia amekufa, mfalme anataka kumvisha taji mke mdogo, na kila akitaka kusema uongo, mzimu wa malkia unapita mbele yake. Mwenye kuigiza mzimu akapata kazi televisheni, akaondoka. Yule dada akaniangalia nikisuka, akasema, "Dada, wewe una shingo ya malkia. Mzimu hausemi kitu, unatembea tu." Nikacheka. Kisha nikakubali.

Akataka nivae nguo ya kwetu. Zangu zote zina madoa ya maziwa ya mtoto. Hapo ndipo nilipokosea. Nyumbani kuna sanduku la marehemu, maana kwetu nguo za mama zinawekwa mpaka binti yake akue. Nikatoa kikwembe kimoja, kitenge cha kijani chenye ndege, nikajiambia nitakirudisha kabla Baba Furaha hajatoka zamu yake ya ulinzi Midrand.

Jumamosi ya kwanza mchana, jirani yangu Mama Riziki akaja na Furaha, wakakaa mbele. Sikumwambia mtoto nitatokea vipi, nilitaka ashangae. Watu walikuwa wanacheka, mfalme analilia taji huku simu inaita mfukoni. Wanafunzi wanapiga miluzi. Mzee mmoja akapaza sauti, "Eish, huyu namjua, ni shemeji yangu!" Ukumbi mzima kwa kicheko. Ndipo nikatoka mimi, uso mweupe kwa unga. Miluzi ikakatika. Halafu nikasikia, kwa Kiswahili:

"Mama! Mama, niko hapa!"

Watu wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Na mimi nikapita kama nilivyofundishwa. Nilipita, ndugu zangu. Sikugeuka.

Katikati ya wiki Mama Riziki akaja na gazeti. Mwandishi ameuponda mchezo. "Anasema mfalme anapiga kelele tu, na mashairi mazito kama bukari ya jana," Mama Riziki akanisomea, bukari, yaani ugali, ameiongeza mwenyewe. "Lakini anasema mtoto aliyeita mama ndiye peke yake aliyeaminika. Hee! Furaha wetu staa!" Jumamosi ya pili sikumpeleka, na watu walitoka wakinung'unika: mtoto yuko wapi?

Lakini kinachonitesa ni nyumbani. Jioni ya siku ile ya kwanza Furaha alinikumbatia, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akanusa shingo yangu. Harufu ya lile sanduku ilikuwa imenishika mwilini. "Anti, unanukia Mama," akasema. "Umemwona?"

Ningeweza kusema yule wa jukwaani ni mimi. Nikasema, "Ndiyo. Anakusalimia."

Tangu hapo mtoto amebadilika. Anakula. Hakojoi tena kitandani. Anajifunza Kiswahili, eti Mama hajui Kiingereza. "Anti, jino langu limetoka, tunasemaje?" Namfundisha, anarudia mbele ya kioo, na mwili unanisisimka, maana sauti ile tamu haisemi na mimi. Asubuhi nakuta kipande cha mkate kwenye sahani nyuma ya mlango. Nikimwuliza, anasema cha Mama, akija akute. Na mimi nikinawa ule unga baada ya mchezo, naogopa kuinua macho kwenye kioo.

Nilimwambia mume wangu yote. Akauliza, "Kile cha ndege?" Nikaitikia. Akasema, "Alikivaa siku tuliyoingia nchi hii." Nilingoja anipige au alie. Akasema tu, "Mtoto usimwambie. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka mpaka wiki hizi." Mama Riziki yeye anasema, "Mwanangu, marehemu hachezewi. Mwambie leo, kesho utakuwa umechelewa."

Jumamosi hii ni mwisho wa mchezo. Waandishi wengine wanakuja, na yule dada amemwahidi Furaha atapanda jukwaani. Jana mtoto aliniomba nimfundishe maneno fulani. Nilimfundisha kabla sijafikiri. Amelala anayarudia: "Mama, leo usipite. Twende nyumbani."

Nyinyi mliolea watoto walioachwa na marehemu, nisemesheni kama dada yenu. Nikimwambia ukweli, atampoteza mama yake mara ya pili, na safari hii mikononi mwangu. Nikinyamaza, atasimama mbele ya watu wote, anishike mkono, aseme twende. Nitamjibu nini mimi? Bado siku tatu. Naomba ushauri wenu.