Bi Godoro Arudi Kwake

Mtaa mzima ulimwita Bi Godoro, na mtaa mzima ulilala juu ya kazi yake. Tangu usichana wake alishona magodoro ya pamba. Maharusi waliyalalia, watoto wakazaliwa juu yake, naye hakuona haya kuwakumbusha. Kwa hiyo saratani ya ini ilipomlaza hospitali, alianza kwa kulalamikia godoro.

"Hili mlinunua au mliokota?" alimwuliza sista.

Zamani mtu wa hali yake hakuwa na pa kwenda. Bima ililipia kitanda cha wodini na dawa inayotolewa wodini. Aliyetaka kufia kwake, alikufa akipiga mayowe. Basi watu walilazwa ili tu wasiumie, wodi zikajaa wazee wanaotazama dari, na wagonjwa wa kupona wakalala sakafuni. Ukatili ule ulikuwa na muhuri wa serikali. Sheria mpya ilipopita, bima ikaanza kumlipa sista afike nyumbani na dawa ya maumivu mkobani. Bi Godoro akawa wa kwanza mtaani kusema, "Nirudisheni kwangu."

Mwanawe, fundi wa kuchomelea vyuma, hakupenda.

"Mama, watu watasema nimekutupa."

"Waache waseme, midomo haitozwi kodi."

Alikubali shingo upande. "Lakini nikikuona unateseka, nakurudisha hospitali siku hiyo hiyo."

Mchana mmoja gari la wagonjwa likaingia mtaani pole pole, bila king'ora. Hapo ndipo mtaa ulipokosea. Gari hilo lilizoeleka kuchukua watu. Likirudisha mtu, basi ni maiti. Jirani yake, msusi, aliangusha kitana, akashika kichwa, akaangua kilio. Wanawake wakakipokea kilio. Vijana wakaanza kupanga viti.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa.

"We msusi," sauti ikatoka kwenye machela, "unalia au unaimba? Maana yote mawili huyawezi."

Msusi alikaa chini pu! "Shoga! U hai?"

"Bado kidogo. Na hivyo viti msivirudishe. Mmeshakuja, kaeni."

Mtaa ukacheka huku unafuta machozi. Fundi peke yake hakucheka. Aibu ilimchoma kuliko cheche za kazini kwake.

Mara tu walipomlaza chumbani, maumivu yakamkamata Bi Godoro. Akajikunja, akauma ncha ya shuka. Fundi akakimbilia dirishani.

"Dereva, usizime gari! Tunarudi!"

"Kaka, nipe nafasi kidogo," alisema sista aliyekuja nao garini. Alivuta dawa ya maji kwa bomba dogo, akaidondosha taratibu ndani ya shavu la mgonjwa.

"Wodini wangempa nini?"

"Hii hii."

"Na usiku yakirudi?"

"Utampa kama nitakavyokuonyesha, kisha unipigie. Nitapokea, kaka. Ndiyo kazi yangu sasa."

Fundi alimshika mama yake mkono. Nje gari lilinguruma. Ngumi ya mama iliyokazwa ikalegea kidole kimoja kimoja.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Mwambie dereva anatujazia moshi. Na yule msusi mwambie…"

Tusi halikumalizika. Mdomo ulibaki wazi, ukatoka mkoromo mzito wa mtu aliyezama usingizini. Wodini, usiku wote aliokaa naye, fundi hakuwahi kuusikia. Alisimama akiusikiliza, mabega yakashuka.

Akatoka mlangoni. "Nenda zako, kaka," alimwambia dereva. "Kuna mtu anakihitaji kile kitanda cha wodini."

Gari lilipoondoka, msusi alitangaza kwamba zamu ya kukaa na mgonjwa anaanza yeye. Mwingine akauliza nani kampa cheo hicho, wa tatu akasema yeye ndiye jirani wa ukuta kwa ukuta, kelele zikapanda.

"Taratibu, jamani!" fundi alisema, akicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Mtamwamsha, halafu mtajibu nyinyi."